Risiva ya Bei Kubwa: Kinachozeeka na Kinachobaki

Mwaka 2005 kampuni ya Denon ya Japani ilitoa risiva ya sinema ya nyumbani iliyoitwa AVR-5805. Ndani ya sanduku moja mlikuwa na amplifaya kumi, kila moja ya wati 170. Ilikuwa na uzito wa kilo 44 hivi, na Marekani iliuzwa dola 6,000. Kwa mpenzi wa muziki na filamu hapakuwa na cha kutamani zaidi ya hicho. Mwaka uliofuata ikaingia diski ya Blu-ray, ikaja na HDMI 1.3 na mifumo mipya ya sauti, Dolby TrueHD na DTS-HD Master Audio, ambayo mashine ile haikuundwa kuifumbua, yaani kuigeuza data ya diski kuwa sauti. Mwaka 2014 Dolby Atmos, mfumo wa sauti inayotoka hata juu, ikaingia majumbani, na watu wakaanza kufunga spika juu ya vichwa vyao. Leo AVR-5805 iliyotunzwa vizuri bado inasukuma spika kwa nguvu na utulivu uleule wa siku ya kwanza, ila upande wake wa kidijitali uliachwa njiani zamani.

Nimeanza na mashine hiyo kwa sababu inaonesha kitu ambacho wauzaji hawakisemi. Risiva ya sinema ya nyumbani, lile sanduku zito linalopokea HDMI kutoka kwenye king'amuzi, PlayStation au deki ya diski, likaifumbua sauti na kuigawa kwenye spika tano, saba, tisa au zaidi, kwa kweli ni mashine mbili zenye umri tofauti. Ya kwanza ni amplifaya: transfoma, kapasita, transista na mabamba ya alumini ya kupoza joto. Elimu yake imekomaa kwa miongo mingi, na ikilindwa dhidi ya joto na umeme mbaya inaweza kufika miaka ishirini. Ya pili ni kompyuta: chipu za HDMI, chipu za kufumbua sauti, Wi-Fi, Bluetooth na programu zake. Hiyo inazeeka kwa kasi ya simu.

Ukipanda ngazi za bei kutoka risiva ya kati hadi ya juu kabisa, sehemu kubwa ya nyongeza unayolipa huenda kwenye chaneli nyingi zaidi (njia za sauti, kila moja na spika yake), wati zaidi kwenye karatasi, na milango zaidi nyuma ya sanduku. Msimamo wangu ni kwamba risiva nzuri ina thamani kubwa, na naipenda kwa dhati kama chombo cha kukusanya muziki na filamu sebuleni, lakini thamani hiyo iko kwenye uwezo wake wa kupima chumba na kuitawala besi. Ukishaupata uwezo huo, shilingi inayofuata ipeleke kwenye spika na kwenye chumba chenyewe.

Tuanze na hiyo kompyuta inayozeeka. Mwaka 2020 Denon, Marantz na Yamaha walitoa risiva mpya zenye HDMI 2.1, tayari kwa mashine mpya za michezo. Xbox Series X ilipoingia sokoni Novemba mwaka huo, wamiliki wakagundua kwamba picha ya 4K ya fremu 120 kwa sekunde haipiti. Luninga inabaki nyeusi. Kosa lilikuwa ndani ya chipu ya HDMI, na programu mpya haikuweza kulitibu. Denon na Marantz wakawapa wateja kijisanduku cha kuunganisha nje, Yamaha wakaahidi kubadilisha bodi nzima. Aliyenunua Tokyo au Chicago alipeleka mashine yake kituo cha huduma. Aliyebebewa na ndugu kutoka Dubai hadi Tanga alibaki na hasara yake, kwa kuwa dhamana ya vifaa hivi mara nyingi huishia katika nchi kilikonunuliwa.

Kuna dawa ya sehemu ya tatizo hili, nayo haina gharama. Unganisha vyanzo vyako vyote moja kwa moja kwenye luninga, kisha toa waya mmoja wa HDMI kutoka mlango ulioandikwa eARC hadi kwenye risiva. Sauti, hata ile kamili isiyopunguzwa, itarudi kwa njia hiyo. Picha haitapita tena ndani ya risiva, na siku HDMI ikibadilika utabadilisha luninga, ambayo ungeibadilisha hata hivyo. Mwenye maktaba ya diski ahakikishe kwanza luninga yake inapitisha DTS, maana baadhi hazipitishi. Huyo deki yake ibaki kwenye risiva.

Jambo lingine la kupima ni nani atakuwepo miaka kumi ijayo. Denon na Marantz zimekuwa chini ya paa moja tangu 2002. Mwaka 2022 kampuni mama yao, Sound United, ilinunuliwa na Masimo, watengenezaji wa vifaa vya hospitali vya kupima oksijeni ya damu. Mwaka 2025 ikauzwa tena kwa Harman, ambayo ni mali ya Samsung. Mwezi Mei 2022 kampuni ya Onkyo Home Entertainment iliomba kufilisiwa kule Osaka, na jina la Onkyo likaendelea kuishi mikononi mwa wengine. Sitaki kumtisha mtu. Nasema tu kwamba programu ya risiva inahitaji mtu wa kuiangalia, na mtu huyo anaweza kubadilishwa bila wewe kuulizwa.

Sasa wati. Hakuna namba inayouza risiva kuliko hii, na hakuna inayopotosha zaidi. Sikio letu halisikii wati moja kwa moja. Linasikia kwa desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, na ili kupata desibeli tatu zaidi lazima uongeze nguvu maradufu. Kutoka wati 100 hadi 150 unapata desibeli 1.8 tu, tofauti ambayo wengi hawataigundua muziki ukiwa unaendelea. Sauti ionekane imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji kama desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Spika ya kawaida ya daraja zuri hutoa desibeli 87 hadi 90 kwa umbali wa mita moja ikipewa takriban wati moja. Maana yake, unapoangalia filamu jioni kwa sauti ya kawaida huku watoto wamelala, kila amplifaya inatoa wati moja hivi, pengine pungufu. Wati nyingi zinaitwa kwa sehemu ya sekunde tu, mlango ukibamizwa au bomu likilipuka.

Tena soma maandishi madogo. Wati 105 za kila chaneli kwa kawaida hupimwa chaneli mbili tu zikifanya kazi. Tisa zikiamka pamoja, usambazaji wa umeme ndani ya sanduku hilo hautoshi kuzipa zote 105, wala hakuna filamu inayodai hivyo. Marekani Tume ya Biashara iliweka kanuni ya namna ya kutangaza wati za amplifaya tangu 1974, kwa kuwa udanganyifu ulikuwa umezidi, na mwaka 2024 ikaifanyia marekebisho. Huku kwetu sabufa ya sanduku la mbao nyepesi inauzwa ikiwa na bandiko la wati elfu kumi, na hakuna anayeuliza zimetoka wapi.

Nifike sasa kwenye chumba. Chukua sebule ya kawaida ya Dar es Salaam, Mombasa au Morogoro. Kuta za tofali za saruji zilizopigwa plasta, sakafu ya marumaru, dari la jipsamu, madirisha makubwa ya alumini. Makochi yamesukumwa hadi ukutani pande tatu ili katikati pabaki wazi kwa meza na wageni. Kwa mazungumzo na usafi mpango huo ni mzuri. Kwa sauti ni mgumu, na ugumu wake una hesabu inayoeleweka.

Sauti husafiri hewani mita 343 hivi kwa sekunde. Kuta mbili ngumu zinazotazamana kwa umbali wa mita 4.2 hulea wimbi lililosimama kati yao. Gawa 343 kwa mara mbili ya 4.2, unapata hezi 41 hivi, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Hezi 41 ndiyo noti ya chini kabisa ya gitaa la besi la nyuzi nne, ile E ya waya mnene. Kwa hiyo mpiga besi wa bendi ya dansi akiushukia waya huo, noti hiyo moja huvimba na kuning'inia chumbani, huku F na G zinazofuata zikitoka kwa adabu. Aliyekaa kwenye kochi la ukutani anasikia mngurumo, kwani ukutani ndipo shinikizo la wimbi lilipo juu kabisa. Aliyesimama katikati ya kuta hizo mbili anaona noti ileile imepotea, kwani pale shinikizo linakaribia sifuri. Wote wawili wanasikiliza mashine moja.

Hapa ndipo mapitio tunayoyasoma na kuyaangalia kutoka Marekani yanapotupotosha bila nia mbaya. Nyumba nyingi za kule zina kuta za ndani za fremu za mbao zilizofunikwa bodi za jipsamu. Ukuta huo unatikisika kidogo, unameza sehemu ya besi na kuiacha nyingine ivuje. Tofali la saruji halitikisiki, na besi inabaki ndani ikizunguka. Mtu anasifu sabufa ya inchi 12 akiwa kwenye chumba kinachomsaidia. Wewe unainunua, unaileta kwenye chumba kinachoipinga, kisha unailaumu sabufa. Floyd Toole, mtafiti aliyefanya kazi Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada na baadaye Harman, ametumia maisha yake kuonesha jambo hili: chini ya hezi 200 au 300 hivi, kinachoamua unachosikia ni chumba na mahali spika na msikilizaji walipo, kuliko jina lililoandikwa kwenye spika.

Na hiki ndicho risiva nzuri inachoweza kukufanyia ambacho amplifaya ya kizamani, hata iwe tamu vipi, haiwezi. Unachomeka maiki ndogo iliyokuja kwenye boksi, risiva inatoa milio mifupi kutoka kila spika, inasikiliza chumba kimejibu nini, kisha inatengeneza kichujio cha kupunguza panapovimba. Denon na Marantz wanatumia Audyssey, na daraja lake la juu huitwa MultEQ XT32. Yamaha wana YPAO, Anthem wa Kanada wana mfumo wao, na Dirac Live ya Uppsala, Sweden, inauzwa kwa makampuni mengi. Nimeona zoezi hili likifanywa vibaya mara nyingi kuliko vizuri. Maiki inawekwa juu ya mgongo wa kochi, feni inazunguka, mtoto anaita jikoni, bodaboda inapita, kisha mtu anasema mfumo haufai. Weka maiki kwenye stendi, kimo cha masikio ya aliyekaa, mbali kidogo na ukuta na mto wa kochi. Zima feni na friji kwa dakika hizo. Subiri adhana iishe. Pima nafasi zote unazoruhusiwa, nane kwa Audyssey, zikiwa karibu karibu kuzunguka kiti kikuu, usizitawanye chumba kizima.

Ujue pia mpaka wake. Kichujio kinakata noti iliyovimba, lakini noti iliyokufa katikati ya chumba hakiifufui, maana kuijaza desibeli 10 kunadai nguvu mara kumi na wimbi linaendelea kujifuta lenyewe. Dawa ya hapo ni kusogeza kochi hata nusu mita kutoka ukutani, na kuongeza sabufa ya pili. Utafiti wa Todd Welti wa Harman ulionesha kwamba sabufa mbili zilizowekwa katikati ya kuta mbili zinazotazamana husawazisha besi kwa viti vingi kuliko moja kubwa ya kona. Sabufa mbili za wastani zilizopangwa hivyo zitaishinda moja ya gharama iliyofichwa nyuma ya mlango, na sijawahi kusikia sebule ya tofali iliyonibadilisha mawazo.

Kuna mpangilio mmoja ambao watu wanaukosea kwa sababu ya fahari. Kwenye menyu ya spika kuna chaguo la "Large" na "Small". Mwenye spika ndefu za kusimama anaona ni tusi kuziita "Small". Ziite. Weka mpaka wa hezi 80, uliozoeleka kupitia THX, kiwango cha ubora wa sauti ya sinema, ili chini ya hapo kazi iende kwa sabufa. Spika zako zinapumua, amplifaya zinapungukiwa mzigo, na besi yote inakuwa mahali pamoja unapoweza kuirekebisha.

Muziki sasa, na hili liko karibu na moyo wangu kuliko milipuko ya filamu. Watu husema risiva ya sinema haifai kwa muziki, kwamba lazima amplifaya ya stereo peke yake. Kwa miaka ya nyuma kauli hiyo ilikuwa na uzito. Leo ubora wa vifaa vya ndani vya risiva ya daraja la kati ni mzuri mno, na chumba kilichorekebishwa kinatoa muziki safi kuliko amplifaya ya kifahari kwenye chumba kilichoachwa kinguruma. Kinachoharibu muziki mara nyingi ni kitufe.

Rekodi nyingi za zamani tunazozipenda, kuanzia sahani alizorekodi Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928 hadi kanda nyingi za bendi za dansi zilizochezwa Radio Tanzania Dar es Salaam, ni za mono, yaani sauti moja isiyogawanywa kushoto na kulia. Risiva ikiwa imewekwa kwenye Dolby Surround au mfumo mwingine wa kusambaza sauti, inapopokea mono inafikiri ni maneno ya mwigizaji, na inayapeleka yote kwenye spika ya katikati. Hapo sauti ya Mbaraka Mwinshehe na gitaa lake vinabanwa kwenye kile kispika kilichojificha chini ya luninga, huku spika zako mbili bora zimenyamaza pembeni. Nimemkuta rafiki wa Tegeta akisikiliza hivyo kwa muda mrefu, amekata tamaa na mashine aliyoijenga kwa miaka. Tulibonyeza "Stereo" kwenye rimoti. Gitaa la solo likakaa katikati hewani, kati ya spika mbili, kimo cha mtu aliyesimama.

Lakini kibonyezwe "Stereo", na "Pure Direct" iachwe. "Pure Direct" inapendwa kwa jina lake. Inazima skrini na vichujio na kumfanya mtu aamini anasikia muziki bila mkono wa mtu. Pamoja na hayo inazima marekebisho ya chumba, na kwenye baadhi ya risiva inazima pia mgawanyo wa besi kwenda sabufa. Kwenye chumba kilichotengenezwa kwa ajili ya sauti, sawa. Kwenye sebule ya tofali umejirudishia ile noti ya E inayovimba. Katika taarabu ya okestra, ambako besi, udi, kanuni, akodioni na fidla zinapita njia moja, besi iliyovimba huifunika kanuni yote. Mtu anayependa nyuzi za kanuni asikubali hilo kwa sababu ya neno zuri kwenye kitufe.

Muziki wa Atmos upo. Apple Music waliuanza Juni 2021, na albamu mpya zinaendelea kuchanganywa hivyo. Ni raha kwa kazi zilizoundwa kwa ajili yake. Sioni kama ni sababu ya kununua risiva ya chaneli kumi na tano kwa mtu ambaye rafu yake imejaa dansi, taarabu na rumba ya Kongo.

Kwenye filamu, spika ya thamani kuliko zote ni ya katikati, na ndiyo inayonunuliwa mwishoni kwa chenji iliyobaki. Maneno karibu yote ya waigizaji yanatoka pale. Malalamiko kwamba "muziki unapiga kelele lakini maneno hayasikiki" mara nyingi yanaponywa kwa kuitoa spika hiyo ndani ya kabati, kuiinua kuelekea masikioni, na kuiongeza desibeli mbili au tatu. Fanya hivyo kabla ya kuwaza spika za juu.

Hizo za juu nazo zina mambo yake. Atmos ilianza kwenye majumba ya sinema mwaka 2012, na nyumbani inafurahisha kwelikweli: helikopta inapita juu ya kichwa, mvua inashuka kutoka darini. Ila zile spika zilizojengwa ndani ya spika za mbele au kuwekwa juu yake na kurusha sauti juu ili igonge dari na kurudi zinahitaji dari bapa, la kimo cha kati ya mita 2.3 na 4.3. Madari yetu ya jipsamu yenye ngazi ngazi na taa za LED pembezoni yanaitawanya sauti hiyo kila upande. Dari la mteremko au bati tupu ndiyo kabisa. Kama fundi wa jipsamu yuko nyumbani kwako sasa hivi, mpe nyaya nne azipitishe kabla hajafunga. Baadaye utafunga spika za darini kwa gharama ndogo.

Na chanzo cha filamu kihesabiwe. Atmos ya Netflix husafiri kwa Dolby Digital Plus, hadi kilobiti 768 kwa sekunde. Ya diski ya Blu-ray ni TrueHD isiyopunguzwa, yenye megabiti kadhaa. Picha ya 4K ya Netflix inakula gigabaiti 7 hivi kwa saa, na mwenye kutegemea bando anajua hiyo ni pesa ya nini. Mtu anayeangalia filamu zake zote kwa intaneti inayosuasua hatapata kwenye risiva ya dola 6,000 kitu ambacho ya dola 1,500 haikumpa.

Umeme na joto ndivyo vinavyoua mashine hizi huku kwetu. Tanzania tunatumia volti 230, Kenya 240, zote hezi 50. Risiva ya soko la Marekani ina bandiko nyuma linalosema 120V 60Hz, ya Japani ya ndani 100V. Kuichomeka ukutani ni kuiunguza siku hiyohiyo. Kuna wanaotumia transfoma ya kushusha volti, na inafanya kazi ikiwa na uwezo wa kutosha, angalau maradufu ya wati zilizoandikwa nyuma ya risiva, lakini mimi ningetafuta ya soko la Uingereza au Ghuba ambayo tayari ni ya volti zetu. Weka kifaa cha kulinda umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika. Kisha usiifungie kabatini. Fundi mmoja alinifungulia kifuniko cha risiva iliyokufa: vumbi limeganda kwenye mabamba ya kupoza kama blanketi, na mjusi mdogo aliyekauka amelala juu ya bodi, katikati ya miguu ya chipu. Alikuwa ameingia kupitia matundu ya juu kufuata joto. Tumia wavu mwembamba nyuma ya kabati lililo wazi, acha sentimita kumi au zaidi juu ya mashine, pulizia vumbi kila baada ya miezi michache. Kwa anayeishi ufukweni, hewa ya chumvi inakula viunganishi. Hapo uwashe mara kwa mara, usiiache imelala miezi.

Tufike kwenye bei. Denon AVR-X3800H ilipangiwa dola 1,699 Marekani, yaani zaidi ya milioni nne za Kitanzania au laki mbili za Kenya, kabla ya usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18 kwetu na 16 Kenya. Ina amplifaya tisa, Audyssey XT32, na milango minne ya sabufa inayorekebishwa kila mmoja peke yake. Ina pia milango ya kutolea sauti kwenda amplifaya ya nje, na hiyo ni muhimu: siku kompyuta yake ikizeeka, amplifaya uliyonunua kando inabaki kwako. Ya juu kabisa ya kampuni hiyohiyo, AVR-A1H, ilipangiwa dola 6,499, ina kilo 32 hivi, amplifaya kumi na tano za wati 150. Inatumia Audyssey ileile. Ina milango minne ileile ya sabufa. Dirac Live inalipiwa kando kwenye zote mbili, ilipoingia ilikuwa dola 259 au 349, kabla hujaongeza sehemu ya besi, na nasema wazi kwamba kumtoza tena mtu aliyekwisha kulipa dola 6,499 si uungwana.

Tofauti ya dola 4,800 inanunua spika za mbele na ya katikati za daraja ambalo utazirithisha, sabufa mbili za maana, zulia zito, mapazia mazito na rafu ya vitabu ya kuvunja mwangwi wa ukuta wa nyuma. Spika haina toleo jipya la programu. Mwenye chumba maalumu cha sinema, spika sita za darini na fedha ya kutosha anunue A1H na afurahi. Ni mashine bora na inaijua kazi yake. Wengine tuliobaki, wenye sebule moja ya kila kitu, tununue ile inayopima chumba vizuri na kuitawala besi, tuishie hapo.

Na kwa wanaonunua iliyotumika, soko ambalo mimi nalipenda, nenda dukani na chanzo chako cha HDMI na ujaribu kila mlango, maana bodi ya HDMI ndiyo hufa mwanzo. Onkyo waliwahi kurefusha matengenezo ya bure hadi mwisho wa 2018 kwa baadhi ya modeli zao kwa sababu ya bodi kama hizo. Chomeka spika moja, izungushe kwenye kila chaneli. Iache iwake nusu saa kisha sikiliza tena. Halafu uliza maiki ya kupimia. Karibu kila mara itakuwa imepotea, na muuzaji atakuambia yoyote ya karaoke inatosha. Haitoshi: risiva imeandikiwa kiwandani jinsi maiki ya modeli hiyo inavyosikia, na nyingine itakupa marekebisho ya uongo. Tafuta namba ya modeli ya maiki kwenye kitabu cha maelekezo, ulizia bei yake, na uikate kwenye bei ya risiva kabla hujatoa hela.